Vigae vya Chungu cha Mama Yake

Nimepigiwa simu kutoka Ulemo, nikakaa chini. Yule mama mfinyanzi, jirani yangu wa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ametutoka. Mlionizoea mnajua sipendi sifa za matangani, ambako hata mgomvi hugeuka malaika. Huyu naye alikuwa na mdomo, acha tu! Lakini nilimpenda, na leo nina majonzi.

Tulihamishiwa kijijini pamoja, mimi mwalimu kijana, yeye mke wa jirani yangu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akamwachia chungu kimoja tu. Alikipakata njia nzima kwenye lori; wakati wa kushuka kikamponyoka, kikavunjika. Hakulia. Aliviokota vigae vyote, akavifunga kwenye kanga, akajilaza navyo. Shamba la pamoja haendi, chakula hagusi. Mumewe akambembeleza, "Mke wangu, tutapata kingine." Akajibu, "Kutoka kwa mama yupi?" Yule bwana alikuja kwangu akihofia atampoteza.

Akaenda kumwita bibi mmoja mfinyanzi. Tulidhani atampa pole. Wapi! Baada ya shikamoo na marahaba, bibi akasema, "Mwanangu, nipe hivyo vigae nivisage, nichanganye na udongo wa chungu kipya. Udongo mtupu hupasuka motoni." Mungu wangu, nikajua leo ni vita. Mgonjwa akanyanyuka taratibu, akafungua kanga. "Bibi, kusaga ni kazi yangu. Mama alipofinyanga, alikuwa ananipa mimi." Akakaa kwenye jiwe, akaanza kusaga, huku akisimulia jinsi alivyokuwa akinuna kwa kutaka kwenda kucheza, na mama yake akimpaka udongo puani mpaka acheke. Hapo ndipo machozi yalipotoka, yamechanganyika na kicheko. Unga ule wakaukanda na udongo mpya, akafinyanga mwenyewe. Chungu kilitoka kimeegemea upande kama mlevi, lakini moto kiliuhimili. Akakipikia mlenda, akatuita, na yeye mwenyewe akala.

Tangu hapo akawa mfinyanzi wetu. Miaka ile tuliambiwa tujenge maisha mapya, na wengi tukadhani maana yake ni kuyatupa ya zamani. Wengine wakayang'ang'ania, wakanyong'onyea nayo. Yeye hakufanya hili wala lile. Basi, msomaji wangu, kilichokuvunjikia usikitupe, wala usikikumbatie mpaka kikukate mikono. Kisage, ukichanganye na kipya, upike, uwaite majirani.