Saba Zisizo na Mkato: Safari Yangu ya Mkutano wa Mvua, Kampala

Nilikwenda Kampala kwa sababu ya madaftari kumi na moja. Mimi ni mtunza stoo wa shule ya sekondari kijijini, mkoa wa Shinyanga, na masomo yangu ya darasani yaliishia kidato cha nne. Lakini kwa miaka mingi, kila siku saa tatu asubuhi, mvua iliyoingia katika kipima mvua nyuma ya nyumba yetu imesomwa na kuandikwa. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri, kwa sababu nafasi tupu haimwambii mtu kitu. Mwaka huu watafiti wa hali ya hewa waliitisha makala, hata za wapimaji wa kujitolea. Nilituma yangu, wakanipa dakika kumi za kusimama mbele yao. Wengi wameniuliza safari ya namna hiyo huendaje, kwa hiyo naieleza kwa mpangilio.

Kabla ya kuondoka, andaa pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na barua ya mwaliko. Vyote vitatu vikae katika mfuko wa mkononi, si katika begi linalowekwa chini ya basi. Makala niliichapa nakala mbili na nyingine nikaiweka kwenye flashi. Nilitaka pia kuwaonyesha wataalamu daftari halisi, nikamwomba mke wangu, Mama Neema, anifungie moja, lolote. Alilifunga kwa kipande cha kitenge.

"Lisilowe," alisema. "Itakuwa aibu, daftari la mvua kulowa mvua."

Siku ya kwanza nililala Bukoba, ili nivuke mpaka mchana. Nawashauri wengine wafanye hivyo.

Mpakani Mutukula, asubuhi ya pili, ofisa wa upande wa Uganda aliisoma barua yangu mara mbili.

"Mzee, wewe nakwenda Kampala kwa mvua?"

"Ndiyo. Kuzungumzia vipimo vya mvua."

"Mvua iko hata hapa! Si upime hapa, urudi nyumbani?" Alicheka peke yake, akagonga muhuri.

Saa tisa alasiri basi lilitushusha Kampala, karibu na Nakivubo. Mgeni asisimame pale akitafuta anwani kwenye simu. Aiandike kwenye karatasi mapema. Nilipanda bodaboda hadi Makindye, baada ya kudai kofia ya kinga, na kipande cha mwisho cha kilima nikakipanda kwa miguu. Watu watatu nisiowajua, mmoja akifua, wawili wakipita, waliniambia, "Gyebale ko, ssebo." Sikujua la kujibu. Niliinamisha kichwa tu.

Mwenyeji wangu, Mama Atieno, ni Mkenya anayepangisha vyumba kwa wageni. Nilimuuliza maana ya maneno yale.

"Wanakushukuru kwa kazi, bwana. Hapa ndiyo salamu."

"Kazi gani? Sijafanya kitu."

"Si umebeba begi? Si umepanda mlima? Wewe usianze kuhesabu, itikia tu."

Jioni, kabla ya chakula, nilifungua kitenge mezani. Mama Neema alikuwa amenifungia daftari la mwaka nilioumwa. Mama Atieno alivifuta vidole vizuri, akalifunua, akasita kwenye ukurasa mmoja.

"Hizi saba zako ziko na mkato katikati. Hizi hazina. Huyu ni nani?"

"Mke wangu. Nililazwa miezi minne. Na nikisafiri, yeye ndiye husoma."

"Sawa. Basi kwa hiyo makala mko wawili."

Nilimsogezea nakala moja. Katika ukurasa wa kwanza wa makala niliandika kwamba vipimo vyote nilivichukua mwenyewe. Niliona ingependeza zaidi, mkono mmoja tangu mwanzo. Niliogopa pia: mtu asiye na shahada, kisha aongeze kwamba sehemu ya kazi ilifanywa na mkewe, nani angemwamini?

"Na yeye ameisoma?" Mama Atieno aliuliza.

"Imeandikwa kwa Kiingereza."

"Ahaa. Ndiyo maana ukapata ujasiri." Kisha akasema kwa upole, "Kula kwanza, Baba Neema. Hii kitu utaifikiria na tumbo likiwa limejaa."

Siku ya mkutano nilifika ukumbini, upande wa Kibuli, nusu saa mapema. Ni vizuri kufanya hivyo: unajaribu flashi na unajua utasimama wapi. Mwenyekiti wa kikao chetu, mama wa Kiganda mwenye mvi, aliwashukuru kwa kazi mafundi wa mitambo, kisha waliotuletea chai, kisha sisi. Hapo nilihesabu asubuhi ambazo Mama Neema alitoka na kalamu, nyingine akitoka kunipelekea uji hospitali. Sikukumbuka hata moja niliyomshukuru.

Zamu yangu ilipofika, nililiweka daftari mezani. Nilianza kwa kusema kwamba sentensi ya nne katika makala yangu si kweli, nikaeleza nani alisoma nini. Nilijiandaa kuambiwa nikae.

Mtafiti mmoja mzee aliomba kulishika daftari.

"Mikono hii miwili unaweza kuitenganisha, siku kwa siku?"

"Naweza. Saba zake hazina mkato."

"Basi takwimu zako zimekuwa bora kuliko zilipokuwa dakika tano zilizopita," alisema. "Sasa tunajua nani alisoma. Ila sentensi ile ifute."

Mwenyekiti alinipa fomu ya mwandishi wa pili. "Aijaze mwenyewe," alisisitiza. "Na umwambie gyebale ko kutoka kwetu."

Nimejifunza hivi: kabla hujafunga begi la mkutano, soma tena orodha ya majina juu ya makala yako, na umsomee kwa lugha anayoielewa kila aliyeifanya kazi hiyo.

Nilifika nyumbani siku ya sita, dakika chache kabla ya saa tatu. Mama Neema alikuwa ameinama kwenye kipima mvua.

"Gyebale ko," nilimwambia.

"Ndiyo nini hiyo?"

Nilimweleza, palepale uani, begi likiwa bado begani. Nilimweleza na ile sentensi ya nne. Aliipokea fomu, akaitandika juu ya goti, akaandika jina lake taratibu, majina yote matatu, la baba yake na la babu yake yakiwemo. Kisha akaninyooshea daftari jipya.

"Siku zote ulizokuwa safarini zimo," alisema. "Usije ukasema ulipima mwenyewe."