Rudia, Sikuipata Vizuri

Kosa langu la mwanzo lilikuwa neno moja: rudia. Nilijifunza mwenyewe kupiga video kwa simu, kwenye harusi za Chonyonyo, na sikuwa na mwalimu wa kuniambia inatosha. Keki ikikatwa huku mtu anakohoa, nilisema rudia. Niliwahi kumliza mama wa bibi harusi mara tatu kwa sababu machozi ya kwanza yaliangukia kivulini. Watu walitii, wakaniita mtaalamu, nami nikaamini.

Jumapili moja, tukitoka kanisani, watu walimzuia kibarua mmoja, Mrundi, wakidai ameiba mkungu wa ndizi aliokuwa nao kichwani. Alisema amelipwa mkungu huo kwa kupalilia kahawa ya bibi mmoja. Bibi mwenyewe alikuwa bado kanisani kwenye kikao cha akina mama. Kumsubiri kungechukua kama nusu saa. Mahubiri ya siku hiyo yalihusu subira, na yalikuwa yametuchosha.

"Muulizeni bibi mwenyewe, jamani!" kibarua aliomba.

"Tutamuuliza tukimaliza," alijibu jirani yangu mwenye duka, akikata fimbo.

Nikatoa simu, nikafuta kioo kwa shati la ibada. Fimbo ya kwanza ilishuka nyuma ya kilemba cha mtu.

"Mama, sogea, unaziba." Kisha nikamwambia jirani, "Rudia, sikuipata vizuri. Simama upande wa jua."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Akarudia. Kibarua aliinua mkono kujikinga, mkono ukavunjika. Picha haikutikisika hata kidogo.

Niliituma video kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, wakanisifu: "Safi, mtaalamu! Hata majani ya mgomba yanahesabika!" Kesho yake bibi akafika kwetu.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. "Mkungu nilimpa mimi," alisema. "Wewe umempa nini?"

Bibi alipeleka habari polisi, wakatukamata. Kituoni nilieleza kwamba sikumgusa mtu, nilikuwa narekodi tu. Askari akaicheza video.

"Sauti ya nani hii?"

"Yangu, afande."

"Basi kijana, anayechochea kosa na anayelitenda, sheria inawaweka benchi moja. Kaa na mwenzako."

Jirani alikuwa tayari amekaa pale. Nakiri jambo la aibu: wakati huo nilikuwa nafurahi kwamba sauti imetoka vizuri.

Mahakamani nilijitetea kwamba rudia ni neno la kazi. Hakimu akaamuru video irudiwe. Safari hii nilisikia pia mfupa ukivunjika. Jirani alikwenda jela. Mimi nikapewa kifungo cha nje, kufagia zahanati kila asubuhi. Ndipo nikamwona kibarua alipokuja kutolewa plasta. Nilimsalimia, nikampa mkono. Akajaribu kukunja vidole aushike, vikagoma. Mpaka leo hawezi kushika jembe.

Bado napiga harusi. Keki ikikatwa mara moja, imekatwa. Na nikikuta watu wamemzunguka mtu, simu yangu inampigia mwenyekiti wa kitongoji, kisha naenda kumwita mwenye shamba.