Mstari wa Mwisho wa Bibi Ruti

Usiku ule nililala na viatu, nimechoka kukisumbua kichwa. Asubuhi, kwa desturi ya Wayahudi, jiwe la kaburi la Bibi Ruti lingefunuliwa, na mimi ndiye niliyetakiwa kulisema shairi lake la mwisho. Mstari wa kumalizia ulikuwa umenitoka kabisa.

Shairi hilo hakuwa nalo mtu mwingine ila mimi, mzururaji niliyeishia darasa la sita, kisha nikawa kibarua wa bustani yake hapa Nakuru. Huko Ujerumani alikotoroka akiwa msichana, mashairi yake yalichomwa akiona. Tangu hapo hakuandika tena. Kila Ijumaa alitunga kwa mdomo tu huku akisuka mkate wa Sabato, na alitunga kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha ya kwao ilikuwa imemtukana mno. Nilisuka kando yake, nikirudia kila mstari.

Usingizini nikamwona jikoni, unga hadi viwikoni.

"Umekonda," akasema. "Siku hizi unakula vumbi la njiani?"

"Bibi, nipe ule mstari. Mpwa wako amesafiri kuja kuusikia."

 Anakata donge la unga vipande vitatu, anavisokota. Meza inarefuka, inakuwa reli, nasi tunatembea juu yake, yeye amelipakata donge kama mtoto. Kandokando watu wamesimama na masanduku. Askari anampekua mifuko yote, hapati kitu, anampungia apite.

"Alitaka karatasi, maskini," ananinong'oneza.

Tupo jikoni tena. Naanza: "Nilitoka bila mlango, nikafika bila ufunguo…" Nakwama. Nakishika kichwa kwa mikono miwili.

Anaishusha mikono yangu, anaizamisha kwenye donge.

"Unatafuta kichwani," anasema. "Sikuuweka huko."

Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, na pindo la shuka langu lilikuwa limesukwa mikononi mwangu. Nikavuka njia, nikagonga dirisha la duka la Mama Njoki.

"Unga wa ngano, kilo moja."

"Wewe? Hata sufuria huna." Akanitazama vizuri. "Au una mgeni?"

"Ninaye."

Akanipa unga, na sufuria yake juu. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kusuka hewani, na neno la kwanza la ule mstari lilikuwa limefika mdomoni.