Betri Juu ya Banda la Kuku

Enzi zetu, kitu kikiishiwa nguvu kilianikwa juani. Mawe ya redio, yaani betri zake, yakianza kufanya mtangazaji aongee kama mgonjwa, tuliyatoa, tukayapanga juu ya mabati ya banda la kuku, na jioni Baba akasikiliza habari kama kawaida. Wengine waliyauma kwa meno. Msicheke, nyinyi mliozaliwa jana, kazi yenu ni kuchomeka waya ukutani na kununa. Kwetu Kaaga, pale Meru, stima ilipita kwa nguzo barabarani ikienda kwa wenyewe. Sisi chaja yetu ilikuwa jua, na nusura jua hilo lininyime sauti ya mama yangu.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mwisho kabisa wa miaka ya tisini. Mama alikuwa amelazwa Nairobi na uvimbe tumboni. Jumapili baba mdogo, yule ndugu ya Baba aliyefanya kazi huko Nairobi, alikuja nyumbani na simu yake ya mkononi, nzito kama kipande cha sabuni ya mche.

"Mimi ofisini niko na simu ya mezani," akamwambia Baba. "Hii ikae na nyinyi. Alhamisi saa kumi jioni Mama Kanana atawapigia na simu ya sarafu ya hospitali. Ijumaa asubuhi anapasuliwa."

Mimi nilikuwa na miaka kumi, dadangu Kanana kumi na mitatu, lakini tulielewa. Jirani yetu mmoja alikuwa amepasuliwa mwaka uliotangulia na tukala githeri ya matanga yake. Niliogopa sana. Nilikuwa nikienda kunusa leso ya Mama nyuma ya mlango, halafu natoka nikijifanya nimefuata ufagio.

Simu ikawekwa mezani juu ya kitambaa cha Mama cha kufuma, na majirani wakaja kuiangalia kama mtoto mchanga. Baba akatoa amri moja tu: "Atakayeigusa, ni mimi na yeye." Jumatatu akaipeleka mjini ikachajiwa dukani. Jumatano stima ikapotea mji mzima. Alhamisi asubuhi, kati ya vile vijiti vinne vya betri kwenye kioo kilikuwa kimebaki kimoja. Baba akavaa kofia akaenda mjini kuuliza kama stima imerudi, Kanana akaenda mtoni, nikabaki mimi na simu.

Ikalia tii. Baada ya muda ikalia tena, tii, na kile kijiti kimoja kikawa kinawaka na kuzima. Nilihisi ni kama Mama anaishiwa. Nikatoka nje nikaangalia jua, lilikuwa kali, la kukausha mahindi. Nani angenilaumu? Nilikuwa nimeanika mawe ya redio tangu nijue kupanda ngazi.

Nikabonyeza mgongo wa simu kwa kidole gumba, kifuniko kikateleza. Betri ikatoka, pana, ina meno madogo ya rangi ya dhahabu. Chini yake nikaona kitu kingine: kikadi kidogo cha plastiki, ncha moja imekatwa, na katikati kina mraba unaong'aa. Jamani, kilikuwa kizuri! Nikakisukuma kikatoka. Betri ilikuwa kubwa, na kwa akili yangu kitu kikubwa ndicho chenye kazi, kidogo ni pambo. Nikakitia kwenye mkebe wangu wa hesabu, pamoja na kifutio na vifuniko vya soda, nionyeshe wenzangu shule zikifunguliwa. Betri nikaipandisha juu ya mabati.

Baba aliporudi ilikuwa imepita saa tisa. Stima haikuwa imerudi. Aliona simu imefunguliwa mezani, akaniangalia, akatoka nje moja kwa moja mpaka kwenye banda. Alishika ile betri akairusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, ilivyokuwa moto. Akairudisha, akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi.

"Kagendo," akasema polepole. "Tutaongea baadaye."

Heri angenichapa hapo hapo. Alinishika mkono tukatoka mbio mpaka sokoni kwa Fundi Mwiti, aliyetengeneza redio kwenye kibanda cha mbao. Fundi alikuwa na betri ya gari, na alikuwa na mdomo pia.

"Muga, mwalimu wa jua!" akaniamkia aliposikia kisa. "Hii si mawe ya redio, mtoto. Mwalimu umefelisha darasa." Akavuta nyaya mbili kutoka kwa betri ya gari, akazigusisha kwenye yale meno ya dhahabu. "Ikinywa kidogo, sawa. Hebu tuone kama umeunguza kitu huko ndani."

Akachukua bisibisi nyembamba. Alikuwa amefungua simu moja tu maishani, akatuambia bila kuona haya, na ile haikupona. Skrubu zikatoka moja moja akizipanga kwenye kifuniko cha chupa. Ganda likaachana, na mimi nikaona tumbo la simu kwa mara ya kwanza. Bodi ya kijani iliyojaa vitone vya risasi ya kulehemu. Mpira wa namba, laini, uliotoka mzima kama ganda la ndizi. Spika isiyozidi kifungo cha shati. "Hapa ndipo mama yako atatokea," akasema, halafu akaonyesha tundu la chini. "Na hii ni maikrofoni. Hapa ndipo wewe utaingilia." Juu, kibati cha antena. Mama yangu mzima kupita kwenye kifungo cha shati!

"Hakujaungua," akasema. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Akarudisha kila kitu, akaweka betri, akabonyeza. Kioo kikawaka kijani. Baba akapumua. Kisha Fundi akakunja uso, akatoa betri tena, akaweka ncha ya bisibisi kwenye kanafasi kadogo katupu.

"Hapa kuna kadi. Iko wapi? Bila hiyo, hii ni tochi tu. Mtu atapiga mpaka achoke."

Baba akapekua mifuko, akainama chini ya meza. "Labda imeanguka njiani," akasema, na sauti yake ikakatika. Sikuwa nimewahi kusikia sauti ya Baba ikikatika. Nilijua kiboko kinachoningoja, na ile saa ilikuwa inaenda tu.

"Iko kwa mkebe wangu," nikasema.

Sikungoja jibu. Nilikimbia ule mlima wa kurudi nyumbani bila kupumzika, kandambili nikaziacha njiani, nikampita Kanana na mtungi wake bila kumwambia neno. Niliporudi na mkebe mzima kifuani, ilikuwa saa kumi na dakika kumi na saba. Fundi akaingiza kadi. Tukakaa. Saa kumi na nusu ikafika, ikapita. Baba akavua kofia akaishika magotini, na mimi nikalia bila sauti.

Kisha simu ikalia.

"Nimepiga mara tatu," tulisikia sauti ndogo ya Mama kutoka kwa kile kifungo. "Nimerudi kwa foleni mara tatu. Kulikoni?"

Baba akaninyooshea simu. "Mwambie wewe."

Nikamwambia yote, mabati, mkebe, kukimbia, kamasi zikinitoka. Halafu Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akasema, "Ui, tumbo langu! Mwachieni daktari kitu cha kupasua!" Baba pia akacheka, na kiboko kikafia hapo.

Jumamosi mchana simu ikalia tena. Sauti ilikuwa dhaifu, ya mtu aliyetoka mbali, na haikusalimia. Ilisema tu, "Kagendo, kadi iko?"

Siku hizi binti yangu anasoma chuo kikuu huko Nchiru. Simu yake haifunguki, wameiziba kwa gundi, na nikimuuliza betri iko wapi ananicheka. Chaji haimwishii. Hata kadi, ananiambia, zingine hazionekani kwa macho. Lakini nikimpigia inalia mpaka inajichokea, kisha jioni naandikiwa, "Mum sikuona." Kila kitu kiko ndani, mtu ndiye hayuko.

Mama sasa ana miaka sabini na kidogo. Anapiga kila Alhamisi saa kumi, na mimi huacha chochote ninachofanya, hata ugali ukiwa jikoni.

"Kagendo, kadi iko?"

"Iko, Mama. Ongea."