Hodi Zilizoishia Barazani

Watu wenye masikio mazima wana ujinga wao maalumu, na mimi nimeishi nao tangu utotoni. Homa iliponiharibu masikio, ikaniachia la kushoto lisikie ngoma na radi tu, Msambweni nzima iligeuka matabibu. Mmoja alileta mafuta ya nyonyo, mwingine kombe, aya za Kurani zilizooshwa kwa maji ninywe, wa tatu akanipulizia moshi sikioni mpaka nikatokwa na machozi. Walipochoka kunitibu wakaanza kunipigia makelele. Ukimwambia mtu, "Nitazame ukisema, nitakuelewa," yeye anakuinamia sikioni, mahali ambapo mdomo wake huuoni kabisa, anapiga ukelele kana kwamba anamfukuza mbuzi shambani. Niliwadharau wakati ule, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa na akili. Alikuwa fundi wa nguo za wanawake, na aliponifundisha kushona aliketi mbele yangu, si kando, ili niuone mdomo wake na mikono yake kwa pamoja. Alipofariki aliniachia cherehani ya miguu na upande wake wa nyumba. Upande wa pili ulikuwa wa ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Baraza ya mbele ilikuwa moja, milango yetu miwili ikitazama hapo, na juu ya baraza hiyo alikuwapo ami, kutwa.

Ami alikuwa na tasbihi ndefu na akili fupi. Alisomesha watoto Kurani pamoja na adabu: jinsi ya kula, jinsi ya kupiga chafya, jinsi ya kuingia nyumba ya mtu. Ukifika mlangoni, alisema, bisha hodi mara tatu, na usipoitikiwa rudi zako, wala usichungulie. Sheria hiyo aliipenda kuliko zote. Hata mimi niliisoma kwake, nikiukodolea macho mdomo wake uliojaa tambuu.

Baada ya arubaini ya mama akaniita mbele ya jamaa. Alisema nami huku amemtazama shemeji yake, hivyo ikabidi mke wake anirudilie maneno yote: kiziwi hawezi kupata wateja, cherehani itaingia kutu bure, na binti yake mwenyewe anajua kushona lakini hana chombo, anashona kwa cherehani ya kuazima. Nikasema sitoi. Chombo ni cha mama yangu na kazi ni yangu. Wakatazamana wale, wakacheka kidogo, kama unavyomcheka mtoto aliyesema ataoa.

"Haya," akasema ami, safari hii amenigeukia ili nisikose hata neno. "Tunakupa mpaka Idi. Ikifika Idi huna wateja, cherehani inahamia kwangu, nawe unahamia jikoni, umsaidie mke wangu."

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Bendera mpya zilikuwa zinashonwa kila pembe, na ami alizunguka mjini akiwaeleza watu maana ya kujitawala. Nchi nzima ilipewa uhuru wake, mimi nikapewa muda mpaka Idi.

Nikafungua kazi. Nilimwambia kila niliyekutana naye kisimani na sokoni kwamba nashona magauni, mashumizi, nguo za watoto, na wote wakaniitikia kwa kichwa: inshallah, tutakuja. Nikakaa ndani, mlango nimeurudisha kama inavyompasa mwanamke mwenye heshima, nikasubiri. Nilishona vitambaa vya mabaki, nikavifumua, nikavishona tena. Hakuja mtu. Kikundi cha wanawake waliokuwa wakienda Kwale kucheza ngoma ya uhuru waliniahidi sare zao zote, na siku ya safari nikawaona wakipita wamevaa magauni aliyoshona binti wa ami, marinda yamekwenda upande, bega moja juu na jingine chini. Wakanipita wameninunia. Mimi ndiye niliyeachwa, na wao ndio walionuna!

Siku hiyo nilirudi ndani nikalia. Nililia kwa sababu nilianza kuwaamini. Nilianza kusema moyoni kwamba huenda wanasema kweli, nani atampa kiziwi kitambaa chake cha harusi? Kati ya yote waliyonitenda wale watu, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Ramadhani ikaingia. Nilikuwa sokoni natafuta mbaazi za kufuturu, mara mtu akanivuta kanga kwa nyuma. Nikageuka. Alikuwa mama mmoja wa Kinondo, rafiki wa zamani wa mama yangu, mtu mwenye mdomo mpana na meno mazuri, maneno yake yanasomeka hata kutoka ng'ambo ya njia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hebu nambie mwanangu, maringo hayo umeyatoa wapi? Mama yako hakuwa nayo."

"Maringo gani tena, mama?"

"Namwoza mwanangu baada ya Idi. Nimetoka Kinondo na vitambaa kichwani, nimefika mlangoni kwako nimebisha hodi mara tatu, na cherehani naisikia inalia ndani. Kimya! Nikaja tena siku nyingine, yaleyale. Ami yako yuko palepale barazani. Akaniambia, hapo huitikiwi, mama, nenda mlango wa pili, binti yangu naye anashona. Nami si wa kwanza. Kila mwanamke anasema umevimba kichwa, huitiki hodi za watu."

Nilimtazama, nikadhani ananitania.

"Mama, mimi sisikii."

"Najua husikii! Nani asiyejua?" Akanishika mkono. "Lakini hata kusema karibu, mwanangu?"

Ala! Mji mzima ulijua kuwa mimi ni kiziwi. Mji mzima ulinitia mafuta na moshi masikioni. Na mji huohuo ulikuja mlangoni kwangu, mmoja mmoja, ukabisha hodi zake tatu kwa adabu, ukasubiri kiziwi asikie, kisha ukaenda zake umekasirika. Sijapata kuona upumbavu ulionyooka namna hiyo. Hakuna hata mmoja aliyesukuma mlango, kwa sababu ami aliwafundisha wote, wao na watoto wao, kwamba asiyeitikiwa harudii wala hachungulii. Naye alikaa pale na tasbihi yake, akizihesabu hodi zangu zinavyokufa.

Nilirudi nyumbani sijui hata mbaazi nimeziacha wapi. Nikaufungua mlango wazi. Nikaikokota cherehani kutoka chumbani mpaka ukumbini, nikaielekeza mlangoni, nikatundika kanga ya mama iwe pazia, fupi, isifike chini. Ami alisikia vishindo akaja, akasimama kizingitini akafungua domo. Nikamwinulia mkono.

"Ami, nitazame ukisema."

"Mwanamke kukaa mlango wazi ni aibu," akasema. "Utatuvunjia heshima."

"Kuna pazia. Nami nina swali moja. Tangu lini hodi ya mlangoni kwangu ikaitikiwa barazani kwako?"

Tasbihi ikasimama. Akasema hajui ninalosema. Akasema watu walikuwa wakija yeye amesinzia. Akasema yeye ni mzee, na kazi ya bawabu si kazi yake. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa, kisha nikamwambia ambayo ningependa kumwambia tena hata leo: "Ulijua. Kila siku ulijua. Na swaumu unafunga." Akageuka akaenda zake, na midomo ikawa inamcheza, lakini aliyokuwa akiyasema alinipa mgongo, basi hayakunihusu.

Jioni ile nikamfuata yule mama wa Kinondo kwa jamaa zake alikofikia. Nikamwambia, na awaambie wenzake: hapana hodi kwangu, shika pazia ulitikise, macho yangu yatakuitikia. Alfajiri alikuwa mlangoni. Alilitikisa pazia la watu nusura aling'oe. Akaingia na vitambaa vya bi harusi na vya dada zake wote, na nyuma yake wakafuata wengine, wakiona haya, kila mmoja akijidai yeye siku zote alishangaa. Waongo watupu. Niliwapima mabega na viuno, nikawaambia wafunue nyuso zao kila wanaponena, na kuanzia siku hiyo sikuinua kichwa. Usiku wa kuandama mwezi nilikuwa bado natia vifungo.

Siku ya Idi ami alikuja na jamaa walewale. Walikuta ukumbi umejaa nguo mpaka hawana pa kukaa. Mke wa ami akasema mashaallah, kwa mdomo uliokazwa kama anayenywa shubiri. Cherehani haikuhama.

Miaka ilikwenda. Binti wa ami aliolewa Vanga akaacha kushona, nao mji ukazoea pazia langu. Watoto walilitikisa, wazee walilitikisa, hata mabibi wa kutoka Diani na Ukunda waliokuja na vitambaa vya dukani walifundishwa njiani. Mtu mmoja tu, yule wa barazani, hakulitikisa kabisa. Alisema hodi ni sunna na pazia ni mchezo wa watoto.

Ramadhani moja, siku za mwisho, mafundi wote wamejaa kazi, niliona chini ya pazia makubazi ya ngozi ninayoyajua, la kulia limeshonwa ukanda kwa uzi mweusi. Pembeni ya mguu palining'inia ncha ya kitambaa cheupe, kipya, cha kanzu. Makubazi yalisimama. Yakasogea kidogo, yakasimama tena. Pazia halikutikisika.

Mguu wangu ulikuwa juu ya cherehani. Nikaendelea kushona. Sijui alibisha mara ngapi, lakini nadhani ni tatu, maana sheria alikuwa akiijua. Kisha makubazi yakageuka, yakarudi barazani.