Mti wa Baba na Maji ya Migebuka

Juzi nilipita kwa wauza miche pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, nikachuma kijitawi cha tuya na kukisugua kiganjani. Jamani, harufu ile! Kali halafu tamu, kama ganda la limao. Machozi yakanijaa mbele za watu, muuzaji akadhani nataka anipunguzie bei.

Tuya ni ule mti wa Kichina ambao wengi wetu tunauita tu mti wa Krismasi, wenye majani bapa yaliyosimama wima. Baba aliuleta nyumbani kwetu Rusimbi kutoka kwao Njombe ukiwa mche ndani ya kopo la maziwa, akaupakata kwenye basi na treni njia nzima. Alikuwa muuguzi, akahamishiwa Kigoma kikazi, akawa anakwenda hospitali kwa baiskeli yake, akamwoa Mama hapa hapa. Mimi Bibi wa Njombe nilikuwa sijamtia machoni. Kila nikimsumbua, Baba alisema, "Huu mti ukikufika begani, tunakwenda kwa Bibi."

Weee! Kila asubuhi nikawa nasimama pale napima bega. Krismasi ikifika Baba aliukata ncha, tukapamba sebule, majirani zetu kutoka Ujiji wakaja kula pilau na kuusifia. Mimi nikarefuka, mti ukabaki kiunoni.

Nilipofika miaka minane nikaona niusaidie. Mama aliuza samaki. Maji aliyooshea dagaa wabichi aliyamwagia migomba, nayo ilinawiri kupita kiasi. Maji aliyolowekea migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa kwa chumvi, aliyamwaga barabarani. Mimi nikaona huo ni uchoyo tu, maji ya samaki si ni maji ya samaki? Siku tatu mfululizo nikayaiba, sufuria nzima nzima, nikaunywesha mti.

Wiki haikuisha, upande mmoja ukawa wa kahawia. Nililia mpaka kwikwi. "Baba, nimeua mti! Hatuendi tena kwa Bibi!"

Nilisubiri fimbo. Baba akagusa udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema, kisha akafuata ndoo. Tukasuuza udongo ule kwa maji safi mpaka mikono ikafa ganzi. Alipomaliza alichuchumaa mbele yangu, macho mekundu.

"Nisamehe, mama," akasema.

 Nimekosa mimi, halafu naombwa radhi mimi?

Mti ulipona nusu. Krismasi ile Baba hakuugusa, sebule yetu ikakaa bila pambo.

Leo nina wanangu, wananiuliza lini tutakwenda huku na kule, nami nawajibu maneno ya kusogeza siku. Ndipo nikamwelewa. Nauli ya sisi wote hakuwa nayo, kuniambia hakuweza, basi kila mwaka akaupunguza mti ili ahadi isimfikie. Namwonea huruma mpaka leo, na ninampenda zaidi.

Mwaka uliofuata tulikwenda Njombe, mti ukiwa bado kiunoni. Bibi alinishika mashavu, akacheka, akalia. Tuliporudi, Baba alikuwa akienda kazini kwa miguu, na mimi, mjinga wa watu, nikazunguka mtaa mzima nikiwauliza watoto wenzangu nani kaiba baiskeli ya baba yangu.