Mfunga Maji

Fundi cherehani hajui hadi leo amsalimie jirani yake, mfunga maji wa mtaa, au amlaani. Mikono ya bwana huyo ni mipole: ufunguo wa chuma wa kufungia bomba la mtaa huubeba ukiwa umeviringishwa kitambaa, kama mtoto mchanga. Kabla ya kuuzungusha hugonga bomba taratibu, utadhani anapiga hodi. Asubuhi moja foleni ya madumu haijafika hata nusu, simu yake ikalia. "Ndiyo, mheshimiwa," akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, akainama, akafunga. Makelele yakapanda. Yeye akalaza sikio kwenye bomba, kama kawaida yake.

"Umeshatukatia, jirani," fundi cherehani akamwambia. "Sasa unasikiliza nini?"

"Nasikiliza maji yanaelekea wapi."

"Wewe ndiye unayefunga, halafu hujui?"

"Mimi naambiwa funga tu. Juzi walisema yanakwenda mtaa wa juu. Nikapanda huko, nikawakuta nao wamekalia madumu matupu."

Bwana yule akauviringisha ufunguo wake, akachukua dumu lake tupu, akaja kusimama nyuma ya fundi.

"Wa mwisho hapa ni wewe?" akauliza.